Kufuli Mbili za Wasiosemeshana

Kama unataka kumjua Bi Fundo, usianze kwa kumuuliza mwenyewe, utapoteza siku yako. Atakupa kigoda, ataitikia salamu, ataendelea kushona nyavu zake, na ukiondoka hapo utakuwa umeeleza habari zako wewe tu. Niulize mimi. Kibaraza changu cha cherehani kinatazama mlango wake, tumekuwa majirani tangu ujana wetu, na mdomo wangu, kama wasemavyo wenye wivu, hauna breki.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi. Fundo akilifunga yeye halifunguki; mtu akitaka kulitoa huchukua kisu. Wapo wanaosema jina lina sababu ya pili, ile inayokaa moyoni, na hao siwezi kuwabishia.

Sababu hiyo ya pili ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mtaa mzima tunamwita Wifi, hata wanaume. Anauza mitumba sokoni, na sauti yake hufika kabla yake. Anakaa Bondeni, kwenye nyumba za chini kabisa, pamoja na mama yake mzazi, ambaye kwa Bi Fundo ni mama mkwe, bibi asiyeinuka kitandani lakini ulimi wake haujawahi kulala.

Mume wa Bi Fundo aliugua wakati Wifi yuko mji wa mbali kununua marobota. Tulimwambia Bi Fundo, mpigie simu wifi yako. Akajibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, kesho atakunywa uji mwenyewe. Tukamwambia tena, akajibu vilevile. Kesho hiyo haikufika. Wifi aliporudi alikuta udongo wa kaburi la kaka yake bado mbichi. Hakulia mbele yetu. Alisimama mlangoni kwake akamwambia Bi Fundo, tukisikia sote, "Siku utakayokanyaga kizingiti hiki, uwe umekuja kunizika mimi." Akaingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hapakuwa na neno kati yao. Ikibidi jambo, niliitwa mimi. "Mwambie huyo," anasema mmoja, na mwenzake amesimama hapohapo anasikia kila kitu, nami nageuka nayarudia maneno kana kwamba ametoka kushuka kwenye basi. Ilinichosha, ingawa sikatai kwamba sikupitwa na jambo.

Kilichomuuma zaidi Bi Fundo ni kumkosa mama mkwe. Walipendana wale. Basi kila siku ya soko, Wifi akishabeba robota lake kwenda kuuza, Bi Fundo alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa uani, akamwosha mkwewe, akamsuka nywele, akatoka kabla soko halijavunjika. Mlango wa uani haukufungwa komeo siku hizo. Bi Fundo alisema ni usahaulifu wa Wifi, mtu wa harakaharaka. "Na mlango wa nyuma si kizingiti alichokitaja," aliniambia. Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kisha ukaja Wakfu. Ni shirika la hisani linalosaidia watu wa pwani kujiinua bila kuimaliza pwani yenyewe. Walianza kwa kupanda mikoko pamoja nasi pale tulipokuwa tumeikata yote kwa kuni. Halafu wakauliza tunataka nini, nasi tukasema bwawa la samaki. Aliyetumwa kwetu alikuwa binti mmoja mpole tuliyemwita Afisa Buti, maana hatukuwahi kumwona na viatu vingine. Alichimba nasi, akachafuka nasi. Tulijenga tuta, tukachimba mtaro wa kuleta maji ya mvua kutoka mlimani ili yasipite tena majumbani Bondeni, na upande wa bahari tukaweka lango: nguzo mbili za zege, katikati yake mbao zilizopangwa moja juu ya moja, mbele ya mbao wavu alioushona Bi Fundo, na juu ya mbao pao la chuma la kuzibana. Ukitaka kutoa maji, unaondoa pao, unavuta mbao.

Samaki wa kwanza walianza kupungua bila kuvuliwa. Kila mmoja wetu akawa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ndipo fundi seremala aliyechonga zile mbao akaja na wazo lililotufurahisha sana. Tufunge kufuli kila ncha ya pao, akasema, na funguo tuwape watu wawili ambao hawawezi kula njama hata kwa kulipwa. Kikao kizima kiligeuza shingo. Bi Fundo alikuwa amekaa kona hii, Wifi kona ile.

Afisa Buti hakupenda. "Na siku ya dharura?" aliuliza. Tukamwambia asijali, tunajuana. Akatuomba tufikirie zamu, watu wawili wawili, tukamwambia zamu tulizoanza nazo ndizo zilizotuibia samaki. Mwishowe akasema mradi ni wenu, na kweli ulikuwa wetu. Baadaye wageni walikuja kutoka vijiji vingine kuiga mpango wa kufuli mbili. Hakuna aliyewaambia siri ya kuchagua wenye funguo. Nasikia kijiji kimoja waliwapa mtu na mkewe.

Kwa kuwa hawasemeshani, palihitajika alama. Wifi alichana pindo la gauni jekundu la mitumba, akanipa nimpelekee huyo. Siku ya kutoa maji, Bi Fundo hufungua kufuli yake kwanza, hufunga kile kitambaa juu ya nguzo, huondoka. Wifi akikiona kutoka dirishani kwake, huja kufungua ya kwake. Hawakutani. Mara moja tu Wifi alifungua kwa kuambiwa kwa mdomo, bila kitambaa. Kumbe Bi Fundo hakuwa tayari, pao likabaki limefungwa ncha moja usiku kucha, asubuhi watu wakadai samaki wamepungua, na kikaoni Wifi akaitwa mwizi. Bi Fundo alikaa akitazama vidole vyake.

Sasa, mvua. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, ikanyesha tena usiku. Mtaro tuliouchimba kwa nyimbo ukaleta maji yote ya mlimani bwawani. Asubuhi ninayoisema, maji yalikuwa yamebakiza kama kiganja kufika ukingo wa tuta. Bahari ilikuwa inakupwa, na ndiyo nafasi pekee tuliyokuwa nayo: fungua lango maji yatoke bahari ikiwa chini. Mchana ingerudi, na zilikuwa siku za bamvua, ambapo bahari hujaa kupita desturi yake. Ikisharudi, lango halina msaada. Na tuta likikatika, halikatiki upande wa bahari tulikolijaza mawe. Linakatika upande wa Bondeni. Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya Wifi, na chumba cha kwanza ni cha mama mkwe.

Watu wengine wa Bondeni walishaanza kupandisha watoto na magodoro shuleni. Mama mkwe alikataa kubebwa. Alisema chumbani mle atatoka kwa miguu yake mwenyewe au kwa mabega ya waombolezaji, na kwa kuwa miguu haina kazi tena, tukamwelewa. Wifi hakuweza kumwinua peke yake wala kumwacha.

Bi Fundo alikuwa amekwenda langoni mapema, akafungua kufuli yake, akafunga kitambaa, akaja kukaa nasi kwenye banda la kikundi. Tukamsubiri Wifi. Tulisubiri mpaka seremala akaanza kutembea huku na huku na nyundo mkononi. Wifi hakutokea.

"Nenda kamuulize huyo anangoja nini," Bi Fundo akaniambia.

Nikashuka kwenye tope mpaka Bondeni. Wifi alikuwa dirishani, na aliniwahi.

"Jirani, mbona lango halifunguliwi? Mnangoja tuelee?"

"Tunakungoja wewe."

"Mimi nangoja kitambaa."

"Amekifunga tangu asubuhi."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakielekeza langoni. Nguzo ilionekana vizuri hata ndani ya mvua ile. Ilikuwa tupu.

"Nenda tu ukafungue," nikamwambia. "Nakuhakikishia mimi."

"Nilishafungua kwa neno la mdomo. Mkaniita mwizi, na yeye yupo pale, kimya. Safari hii nataka kitambaa chake, kwa mkono wake. La sivyo msinisumbue." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kutoka kwake, "Anataka maji yanimalize, jirani. Ndicho anachotaka."

Nilirudi juu nimelowa mpaka mifupa. Nikamweleza Bi Fundo kwamba nguzo haina kitu. Hakushtuka hata kidogo.

"Fundo langu halifunguki," alisema.

"Halipo, dada. Nimeona mwenyewe."

"Basi limekatwa. Na aliye karibu na nguzo ni yeye. Amelikata ili nionekane mzembe mbele yenu na mbele ya Wakfu."

"Funga kingine."

"Sifungi. Nimeshafunga."

Niliwatukana wote wawili, mmoja usoni na mwingine kwa mbali. Nilimwambia Bi Fundo kwamba mama mkwe amelala chini ya tuta lile, na kama jeuri yao itamzamisha, mimi sitashona sanda ya mtu yeyote tena. Lakini hakuinuka, na niliona kwamba hakuwa anafanya jeuri tu. Aliamini kweli kwamba mwenzake amemkatia kitambaa. Alijua kazi ya mikono yake, na kwa sababu hiyo hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo lile.

Seremala akaenda kuvunja kufuli ya Wifi. Alipiga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi. Wakfu hawanunui vitu vya ovyo, na siku ile niliwalaumu kwa hilo. Kufuli ilibaki na mikwaruzo, lakini nguzo ya zege ikatoa ufa, seremala akaacha haraka, maana nguzo ikienda lango lote linakwenda, na bahari ikirudi itaingia moja kwa moja. Msumeno wa chuma ulikuwa kwa fundi wa vyuma ng'ambo ya barabara, na barabara haikuonekana tena ilipo.

Nikampigia Afisa Buti. Alikuwa amekwama ng'ambo hiyohiyo.

"Mama, acheni samaki waende," alisema. "Fungueni lango sasa hivi, msihesabu hasara."

"Ufunguo mmoja hatuna."

"Mwenye ufunguo amepotea?"

"Yupo. Yuko nyumbani kwake."

"Sasa?"

Nikaanza kumweleza habari ya kitambaa, na nguzo, na nani alisema nini. Nilivyokuwa nasema ndivyo nilivyokuwa najisikia mwenyewe, na aibu ikanishika.

"Mama," akasema taratibu, "unaniambia nyumba zitazama kwa sababu watu wawili hawaongei?"

Ndivyo nilivyokuwa nimemwambia.

Hapo seremala akapiga ukelele kutoka upande wa pili wa tuta. Maji yalikuwa yameanza kuvuja kuelekea Bondeni. Tuta likivuja maji meupe, linavumilia. Haya yalikuwa yanatoka na tope, yaani linaliwa ndani kwa ndani. Seremala na wengine wakaanza kurundika magunia ya mchanga, lakini kila mtu alijua magunia ni ya kupoza roho.

Nilikimbilia kibarazani kwangu, nikachukua kipande chekundu kwenye mabaki ya cherehani, nikaenda nacho kwenye nguzo. Niliazimia kukifunga mwenyewe na kumwapia Wifi kwamba kafunga Bi Fundo. Uongo, ndiyo, na ningeusema bila kupepesa. Nikaupeleka mkono juu ya nguzo, na vidole vyangu vikakuta kitu kigumu.

Lilikuwa fundo. Limekaza palepale alipolifunga, dogo, limelowa, na pembeni yake nyuzi mbili tatu nyekundu. Kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa hakipo. Jua la miezi yote ile lilikuwa limekiozesha, na upepo wa asubuhi ukakichana kandokando ya fundo. Kutoka dirishani kwa Wifi hakuna jicho ambalo lingeliona.

Nilimwita Bi Fundo kwa jina ambalo sijalitumia tangu ujana wetu. Akaja. Nikamshika mkono nikauweka juu ya nguzo. Aliligusa fundo, akazigusa zile nyuzi, akageuka akatazama Bondeni, lile dirisha, na mtu aliyesimama pale akitazama nguzo tupu.

"Hakukata," alisema.

"Hakukata."

Alitoa kisu chake cha nyavu, akalikata fundo mwenyewe, akalifumba kiganjani, akashuka. Nilimfuata, bila shaka.

Maji ya Bondeni yalikuwa yamefika vifundo vya miguu. Mlango wa mbele wa Wifi ulikuwa wazi, na mwenyewe anachota maji ndani kwa ndoo na kuyamwaga nje, kazi isiyo na mwisho. Alipomwona Bi Fundo alisimama wima. Bi Fundo naye alisimama, upande wa nje wa kizingiti. Kati yao palikuwa na ubao mmoja wa mlango, na maji yalikuwa yanaupita juu bila kumuuliza mtu.

Wifi alinigeukia mimi, kwa mazoea. Nikafungua mdomo nianze kazi yangu. Bi Fundo akaniwekea mkono kifuani kunizuia.

Basi Wifi akamtazama yeye. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja nisije nikakuzika," alisema Bi Fundo.

Akakanyaga kizingiti, akaingia, akafungua kiganja. "Kitambaa kimechanika. Nilichofunga ni hiki."

Wifi aliweka ndoo chini. Alilichukua lile fundo akaligeuza geuza kwa vidole, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilidhani ataona haya. Kumbe alikuwa na huzuni.

"Nilikuwa nakiona kinaoza," alisema. "Kila kilipofungwa nilikiona kinazidi kuchakaa, nikasema siku moja hiki kitachanika. Ningemwambia nani?"

Angeniambia mimi. Nilitaka kusema hivyo, na naona fahari kwamba sikusema.

"Ufunguo uko wapi?" Bi Fundo aliuliza.

Ulikuwa shingoni kwa Wifi, kwenye uzi. "Na mama?"

"Fundi cherehani atakaa naye."

Wakatoka wawili, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Nilitaka sana kwenda nao. Badala yake niliingia chumbani kwa mama mkwe, nikakaa ukingoni mwa kitanda, maji yakipita chini yake na kandambili zinaelea. Kutoka pale lango lilionekana, na ukuta wa tuta ulionekana pia, na tope linavyochuruzika kati ya magunia.

"Nani hao wanaokimbia?" bibi aliuliza.

"Binti yako na mkweo."

"Pamoja?"

"Pamoja, mama."

"Wanaongea?"

"Mbali, sioni midomo."

"Mikono je?"

"Mikono inafanya kazi."

"Inatosha," alisema, akafumba macho.

Kufuli ya Wifi ilikataa mwanzoni. Ile nyundo ilikuwa imeikunja. Niliona Wifi anahangaika, anapumzika, anahangaika tena, na Bi Fundo ameinama kuikinga mvua kwa mgongo wake, huku bahari nyuma yao, nyeupe, ikiwa imeshaanza kugeuka. Kisha pao likaanguka. Seremala akaruka kuwasaidia, ubao wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, na wa tatu haukungoja kuvutwa. Maji yaliutupa mbele. Ule wavu wa Bi Fundo ulivimba, ukashikilia, ukashikilia, halafu ukang'oka wote mzima kwenye nguzo, na samaki wetu tuliowalisha kwa zamu wakaenda baharini bila kwaheri. Mafundo hayakufunguka hata moja. Kilichong'oka ni misumari.

Nilikaa nikitazama ule uvujaji wa tope. Ulizidi kidogo, nikamshika bibi mkono. Ukabaki vilevile. Kisha ukaanza kupungua, ukawa mchirizi, na tope likawa maji tu. Niligundua kwamba nilikuwa namminya bibi mkono kwa nguvu zote.

"Niachie kidole kimoja," alisema, "bado nina kazi nacho."

Jikoni kwa Wifi ukuta mmoja ulianguka, na nyumba mbili zaidi zililowa mpaka madirishani. Hakuna mtu aliyekufa. Wale wawili hawakuweza kuondoka langoni, kwa sababu mbao zilitakiwa kurudishwa kabla bahari haijapanda. Wakakaa juu ya tuta, wamejifunika gunia moja, wakingoja. Walikaa muda mrefu. Niliona Wifi anasema, Bi Fundo anatikisa kichwa, kisha Bi Fundo anasema, tena maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mwezi. Mimi niliyekuwa ulimi wao miaka yote, safari hii sikusikia chochote.

Siku kadhaa baadaye nilimchokonoa mpaka akanipa kidogo. "Aliuliza kama kaka yake alimtaja," Bi Fundo alisema, macho kwenye wavu. "Nikamwambia alimtaja mpaka mwisho, nami nilikuwa namdanganya kwamba yuko njiani. Akauliza basi kwa nini sikumwita." Akavuta uzi, akakaza. "Nikamwambia kumwita ilikuwa kukubali kwamba anakufa. Sikuweza." Hakuongeza, na mimi, amini usiamini, sikuuliza.

Barabara ilipokauka Afisa Buti alikuja. Hakutulaumu, afadhali angetulaumu. Alitukalisha akauliza tumejifunza nini na tunataka kubadili nini. Seremala alisimama, amekunja uso, akasema kwa dhati kabisa kwamba funguo ziondolewe kwa hawa wawili. "Sasa wanaongea," alisema. "Hawafai tena." Afisa Buti alifunika uso kwa mikono yake, na mabega yakawa yanatikisika. Mtu mwingine akapendekeza tutafute jozi nyingine isiyosemeshana. Tukatazamana. Baada ya mafuriko yale, watu wote walikuwa wameazimana sufuria na blanketi, na hapakuwa na jozi. Tukarudi kwenye zamu, kufuli moja, ufunguo kwenye msumari ndani ya banda. Wakfu watatuletea vifaranga vya samaki, sisi tutatengeneza tuta.

Katika kikao hicho Bi Fundo alikaa kona hii na Wifi kona ile, kama kawaida. Walisalimiana, basi. Watu walianza kunong'ona kwamba yale ya langoni yalikuwa ya siku moja, hofu tu iliyowasukuma. Bi Fundo naye alikuwa hana raha. Mtu akishazoea kunyimwa, hata akipewa anaogopa kunyoosha mkono, na niliona kwamba anaogopa.

Ikaja siku ya soko. Nilikuwa nimemaliza kushona kifuniko kipya cha godoro la mama mkwe, lile lililolowa, kwa hiyo nilikwenda naye kukipeleka. Tulizunguka nyuma, njia yake ya miaka yote. Bi Fundo akasukuma mlango wa uani.

Haukufunguka. Akasukuma tena. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Mkono wake ulibaki juu ya mbao. "Amefunga," alisema. Nimemwona mwanamke huyu siku ya kumzika mumewe, na uso wake haukuwa vile. "Basi. Nilijua tu."

Alikuwa ameshageuka kuondoka tuliposikia sauti kutoka ndani, ile sauti inayofika kabla ya mwenyewe, na ambayo saa ile ilipaswa kuwa sokoni inauza mitumba.

"Huo nimeufunga kwa makusudi," Wifi alisema. "Kila siku ya soko nauacha wazi, nakaa huko juani mpaka jioni hata wateja wakiisha, naogopa kurudi mapema nikakufukuza. Nimechoka. Zunguka mbele, wifi yangu, mlango uko wazi."

Bi Fundo akafuta uso kwa kiganja, akazunguka mbele, akaniacha uani peke yangu na kifuniko cha godoro mikononi, na hakuna aliyeniita nirudie maneno.